Mtandao Umerudi, Mama Mkwe Hajui

Shangazi Loyce, shikamoo. Naomba msaada wako kabla wiki haijaisha, maana nimejifunga kamba mwenyewe na sioni pa kuifungulia.

Mimi ni mpokea simu katika tawi la Handeni la kampuni inayouza dawa za mifugo, makao makuu yako Korogwe, na simu zetu zote zinapita kwenye intaneti, kwa hiyo mwezi uliopita greda la barabara lilipokata waya wa mtandao tawi zima likawa bubu, na fundi wetu wa Korogwe, Obadia, akasema nimpe namba moja ya mkononi ahamishie simu za wateja mpaka waya uungwe. Yangu sikuitoa, kwa sababu nilikuwa pia nahudumia watu kaunta, nikatoa ya mama mkwe wangu ambaye tunaishi naye na kutwa yuko nyumbani, nikamwambia apokee tu, ashike jina la mtu na shida yake, mchana nikija kula anieleze.

Mama ni Mshambaa wa Vugiri, kule milimani kwenye baridi, tulimleta huku kwenye joto baada ya baba mkwe kufariki mwaka jana, na tangu afike alikuwa hasemi, anakaa uani ameuelekea ukuta, chakula anakigusa tu, na mume wangu Ernesti akawa anasema mwache, atazoea. Basi Shangazi, siku ya kwanza ya zile simu narudi nyumbani namkuta anacheka, ananieleza nani kapiga, mvua kwao imenyesha au bado, mtoto wa nani amefaulu, na mwisho kabisa ndiyo dawa anayoitaka, kwa sababu Mama hawezi kumuuliza mtu shida yake kabla hajamjulia hali yeye na nyumba yake yote, na wateja wakampenda, hata wale waliozoea kututukana wanauliza "Yule mama yupo?"

Siku hizi anaamka mapema, anavaa kitenge kilichopigwa pasi ndipo anaketi kusubiri simu, na wanawake wenzake wa kanisani amewaambia amepata kazi ya ofisini. Kuna mara moja tu alikosea, mteja wetu wa Mazingara, Abdulaziz, alimuuliza kipimo cha dawa ya kuogeshea ng'ombe, naye akamtajia kile walichokuwa wakitumia Vugiri, ambacho ni mara mbili ya hiki cha dawa yetu, lakini niliposikia nikampigia Abdulaziz palepale, akawa ameshachanganya ila hajaogesha, kwa hiyo halikuharibika neno.

Shida yenyewe ni kwamba mtandao ulirudi zamani. Obadia nimemwambia bado unakatikakatika, Mama naye nimemwambia hivyo hivyo, na sasa Obadia anasema anakuja wiki ijayo na meneja mkuu kuona kwa nini ni Handeni peke yake ambako simu hazijarudishwa. Nikisema kweli Mama atarudi kuangalia ukuta, nikinyamaza nitafukuzwa kazi. Nifanyeje?

Mkwe Mwenye Huruma, Handeni

*

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimekasirika.

Kwanza nikupe haki yako. Ulimwona mzee anazimika ndani ya nyumba yako ukaumia. Wako wakwe ambao wangeshukuru kwamba hasemi. Moyo unao, sitakunyang'anya.

Ila huyo Abdulaziz umempitisha mbio kama mtu anayefagilia vigae vya chungu chini ya kitanda. "Halikuharibika neno." Mwanangu, sumu ya kupe mara mbili kwenye mgongo wa ng'ombe, na aliyelishika bomba ni binadamu mwenye watoto! Wewe ulifundishwa kujibu swali lile, Mama hakufundishwa. Ulimkalisha pale bila kumwambia swali gani asijibu, na ng'ombe wale wangekufa, yeye ndiye angebeba jina. Huruma gani hiyo?

Sasa sikiliza. Ukishaweka gazeti hili chini, mpigie Obadia arudishe simu ofisini, usimpe hadithi nyingine. Kisha nenda kwa meneja wako wa tawi kabla wageni hawajafika, mweleze yote, ya Abdulaziz yakiwa ya kwanza. Huenda ukapewa onyo, huenda ukafukuzwa, sitakudanganya. Heri lawama kuliko fedheha. Mwambie pia kwamba wateja wamependa kusalimiwa kabla ya kuulizwa shida, na kama kazi itabaki, anza wewe kupokea simu hivyo.

Mama mwambie siku hiyo hiyo, uso kwa uso, Ernesti akiwepo. Mwambie kazi ilikuwa ya kweli hadi waya ulipoungwa, na baada ya hapo ulimdanganya. Mwambie na habari ya kipimo, ni mtu mzima, ana haki ya kujua. Ataona aibu mbele ya wenzake wa kanisani, nawe ndiye wa kumpeleka Jumapili na kukaa naye benchi moja. Usimtafutie kazi nyingine ya uongo.

Na huyo Ernesti, ambaye katika barua yako ametamka maneno mawili tu, mwambie Shangazi anamwomba ampeleke mama yake Vugiri akaone kaburi la mumewe na kunywa chai na majirani zake, kisha arudi naye taratibu.

Umeniandikia kwamba ni simu zilizomfufua. Mimi nasoma kwamba watu wasiomjua kwa sura ndio waliomuuliza ameamkaje, na ninyi mnaolala naye nyumba moja mlipofika mezani mlimuuliza nani kapiga. Kesho, kabla ya chai, keti karibu yake umuulize hali. Akianza kujibu, usitazame saa.