Upepo wa Kutosha

Jumatatu, 3 Machi

Mashine imefika nyumbani. Ndogo kuliko nilivyodhani, kama redio ya jikoni, ila ina bomba refu na barakoa ya kufunga puani. Nimejitazama kwenye kioo — tembo mtupu! Mzee kacheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia cheka tu, ndiye tembo utakayelala naye.

Aliyeipanga ni dada wa kliniki. Kanieleza taratibu. Nikilala, koo linajifunga, pumzi inakatika, nagutuka nipumue, halafu yale yale mpaka asubuhi. Ndiyo maana mchana nasinzia saluni kwangu na kitana mkononi. Mashine inasukuma hewa ili koo libaki wazi. Kaweka msukumo kwenye nane, kasema tusiguse kipimo, nirudi baada ya wiki mbili. Mzee alikuwa kasimama nyuma yake, macho kwenye vidole vya dada.

Sikumwambia dada kwa nini nimekubali kuwa tembo. Kuchekwa na wateja nimezoea, yupo hata aliyeondoka kasukwa nusu kichwa. Ila mwezi uliopita nilisinzia na mjukuu wangu mapajani, akateleza mpaka kwenye mkeka. Hakuumia, alishtuka tu. Mwanangu akaingia wakati huohuo. Hakunigombeza. Alimwokota mtoto wake akamfunga mgongoni, na tangu siku ile hajaniachia hata aende chooni. Likizo yake ya uzazi inaisha, tarehe 24 anarudi kazini. Nataka mtoto abaki kwangu. Basi, hilo tu.

Jumanne, 4 Machi

Sikufumba jicho. Pua inapulizwa kama jiko la mkaa. Mikanda imenivuruga nywele zote, na leo nina vichwa vya watu vya kupendezesha. Kinyozi hajinyoi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimelala! Usingizi wa pono. Nimeamka kichwa chepesi, nimesuka vichwa vitatu bila kupiga mwayo.

Mzee hajafurahi kama nilivyofurahi mimi. Eti bado nakoroma kidogo, kama pikipiki inayogoma kuwaka, halafu nanyamaza. Eti upepo hautoshi. Fundi matairi huyu, kwake kila jambo ni upepo. Nimemwambia mimi si gurudumu.

Jumapili, 9 Machi

Tumbo limejaa kama ngoma. Nabeua mbele za watu, aibu tupu. Barakoa inavuja pembeni, hewa inanipiga machoni, macho mekundu. Mdomo mkavu, ulimi kama gunia.

Mwanangu alipita na mtoto. Kaniangalia macho, kauliza kwa upole kama siku hizi nalala. Nikasema nalala. Baadaye akiwa anavaa viatu akasema kuna binti pale jirani kwake anatafuta kazi ya kulea. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, simlaumu. Alipoondoka nililia.

Jumatano, 12 Machi

Usiku ulikuwa vita. Nimeamka nimekuta barakoa sakafuni, nimeivua mwenyewe usingizini. Leo nilikuwa nachoma ncha za rasta, mteja akaninyang'anya kiberiti. Kasema, "Mama, nywele nitamalizia mwenyewe nyumbani." Nimepiga simu kliniki. Wamesema nije keshokutwa na mashine yangu.

Ijumaa, 14 Machi

Dada kawasha mashine, kasoma kipimo kwenye kioo chake kidogo. Kumi na nne! Kauliza ni nani aliyegusa. Mimi nikamgeukia Mzee. Mzee anatazama viatu vyake.

Kakiri yote. Siku ya kwanza alimwona dada anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, naye akafanya hivyo hivyo nikiwa saluni. Akaongeza kidogo, usiku akasikiliza. Akaongeza tena. Tairi likilegea si unajaza? Dada wala hakukasirika. Akamwambia, "Baba, tairi halimezi upepo. Mama anaumeza." Kumbe hewa ikizidi inashuka tumboni, na barakoa nayo inashindwa kuizuia, inavuja. Ngoma yangu ile ilikuwa kazi ya Mzee.

Nilishapanga maneno ya kumsema, tena makali. Dada akanitangulia, akamuuliza kwa nini hakupiga simu. Mzee akasema miaka yote hii analala mkono wake uko mgongoni kwangu, na nikinyamaza ananitikisa mpaka nivute pumzi. Sasa anaambiwa alale tu, mashine itaniangalia. "Nasikia pumzi inasita," akasema. "Mkono nauweka wapi?"

Miaka yote nilidhani ule mkono ni mahaba. Kumbe mwenzangu yuko zamu! Nimempenda upya pale pale, mbele ya dada wa watu, na barakoa mapajani. Maneno makali sijui yalikwenda wapi.

Dada kasema nane ilikuwa ndogo kwangu kweli, ila kumi na nne ni ya kumlipua mtu. Kaweka kumi. Kalegeza mikanda, maana nilikaza mno kuzuia hewa isivuje na ndivyo nilivyozidi kuiharibu. Kaipanga mashine ianze polepole, ipande nikishasinzia. Kampa Mzee namba yake ya simu. Akisikia kitu ampigie, vidole vibaki mfukoni.

Jumanne, 18 Machi

Kumi inanifaa. Tumbo shwari, macho meupe. Nimeota ndoto, nilikuwa nimesahau kama watu huota. Sikumbuki niliota nini, nimefurahi tu kwamba nimeota.

Mzee ananipita sebuleni mikono mfukoni, makusudi, ili nimwone. Hata chai kaomba nimnyweshe. Nimemwambia aache ujinga. Nimemnywesha.

Alhamisi, 20 Machi

Mwanangu kaja saluni asubuhi, eti anataka kusuka. Muongo, nilimsuka wiki iliyopita na kichwa bado kizuri. Kakaa kutwa nzima kwenye kiti cha pembeni, mtoto mgongoni. Mchana, jua lilipokolea, saa yangu ile ya kusinzia, nikamwona ameacha kuchezea simu. Ananichunga. Nikajifanya sijui, nikazidi kusuka na kupiga porojo na wateja. Wala sikujilazimisha. Usingizi haukuja.

Jioni akamfungua mtoto, akaniwekea mapajani. Yeye akakaa karibu, kiasi cha kumdaka. Mtoto kanishika kidole akakinyonya, na kidole chenyewe kina mafuta ya nywele. Mwanangu kasema, "Yule binti nimemwambia asubiri kwanza, Mama." Nikaenda nyuma kuosha vitana ambavyo havikuwa vichafu.

Jumapili, 23 Machi

Kesho! Nimefua shuka za mtoto, nimeosha barakoa, nimewaambia wateja kesho sifungui saluni. Nalala mapema.

Jumatatu, 24 Machi

Umeme ulikatika. Siku zote zile, ukachagua jana. Mashine ikazima, nikagutuka nimekosa hewa, nikavua barakoa. Nikamwambia Mzee alale, nitajua la kufanya. Hakulala. Alikaa amejiegemeza ukutani, mkono mgongoni kwangu, ananitikisa kila nikinyamaza. Asubuhi kaniaga kwenda kwenye matairi yake, macho kama pilipili, eti kalala vizuri sana.

Kichwa changu kizito. Naijua hali hii. Nilijipaka poda chini ya macho, nikajitazama kwenye kioo, nikaona inapita. Mtu angeamini.

Mwanangu kafika, nguo za kazi, mkoba begani, mtoto mkononi. Kauliza, "Mama, umelalaje?"

Nilikuwa na jibu tayari. Vizuri, mwanangu. Maneno mawili tu, na mtoto angekuwa wangu kila siku. Nikamtazama yule mtoto. Nikasema nimelala vibaya, umeme ulikatika, mashine haikufanya kazi. Nikasema leo usiniachie.

Kanitazama kwa muda. Sikuweza kuusoma uso wake, nami ndiye niliyeuzaa. Halafu akainama, akamweka mtoto mapajani mwangu, akauweka sawa mkono wangu chini ya kichwa chake, akachukua simu akatoka nje.

Sijui anampigia nani. Kazini kwake, au yule binti. Nasikia vipande tu: "Ndiyo... hapana, mama yangu kaniambia mwenyewe..." Kisha lori likapita.

Naandika kwa mkono mmoja, ili macho yasijifunge. Mtoto amelala. Mama yake bado yuko pale uani, namwona dirishani, anaongea. Ametugeuzia mgongo. Hageuki hata mara moja kutuchunga.