Mashavu Yako na Picha ya Karte

Dada yangu Sifa,

Mama ameniomba tena picha yako. Anataka iwekwe kwenye msalaba, na anajua ipo moja tu, ile ya karte ya uchaguzi, kadi yako ya kupigia kura, ambayo uliichukia. Kabla sijampa nimeona nikuandikie.

Uliipiga mwaka tuliokimbia Ngungu tukahamia kambini Lushebere. Tulikula mara moja kwa siku, na mashavu yako yalikuwa yamebonyea. Ulipoiona ulisema, "Huyu haiko mimi. Huyu njo vita." Nilikujibu kwamba vita haina pua kubwa hivyo, ukanirushia ndala.

Kisha mchumba wako, yule kijana wa wafanyabiashara wa Butembo mwenye duka Walikale, akatuma habari kwamba njia imefunguka na mama yake anakuja kukuona. Uliogopa atasema mwanawe anaozwa mgonjwa. Ukaenda Masisi kwa mwanamke aliyekuwa akidunga sindano za kujaza mashavu, kwenye chumba cha nyuma cha saluni yake. Sindano ile ilikuwa na nini, hakukuambia, nawe hukuuliza. Uliporudi ulikuwa umependeza, sikatai. Nilikuonea wivu siku mbili nzima.

Siku ya tatu shavu la kushoto likawa gumu, likawaka moto. Kwetu kitu kikivimba kinakandwa kwa kitambaa na maji ya moto, kama Mama anavyowakanda wanawake waliotoka kujifungua. Nilikukanda asubuhi na jioni. Uliniambia, "Mudogo wangu, acha. Inauma mu ndani." Nikazidi kukaza mkono, nikidhani ukiumia ndiyo unapona. Muuguzi wa kambi alipokuona aliuliza nani alikuwa anakukanda. Alisema dawa ile haitoki kwa kukandwa, kwamba nilikuwa naisukuma ndani pamoja na usaha, na kwamba twende Goma siku ileile.

Tulifika kwenye kizuizi kimoja kabla ya Sake. Mwanajeshi akatazama picha, akakutazama wewe, jicho moja limezibwa na uvimbe.

"Hii karte haiko ya kwako. Uliiiba wapi?"

"Njo mimi," ulimwambia, na ulisema kwa shida.

Ilikuwa mara ya kwanza kukusikia ukiikubali ile picha. Tukarudishwa. Siku mbili baadaye tulipita kwa barua ya muuguzi, lakini homa ilikuwa imekwisha kukushinda. Daktari wa Goma alisema sumu imeingia kwenye damu. Hukumaliza wiki.

Mama mkwe wako alifika baada ya mazishi, na kitenge alichokuletea bado kimekunjwa mkononi. Aliniuliza ulikuwa unafanana vipi. Nikamwonyesha karte, maana sikuwa na kingine. Na yeye alikuwa amekonda, nguo zinamlegea mabegani.

"Sisi wote tulikonda, mutoto wangu," alisema. "Nani angemucheka?"

Sijui la kufanya na maneno hayo, dada, ndiyo maana nakuletea wewe. Nina hatia, na sijajisamehe. Kesho nampa Mama picha. Ni ile yenye mashavu yaliyobonyea na ile pua, na mtu yeyote anayekujua atasema ni wewe.

Pumzika, Sifa.

Mdogo wako, mwenye mkono mzito