Nguzo ya Kwanza ni ya Hezron

Ijumaa, 9 Mei 2025. Riyadh

Tunajengewa nyumba! Hata sala ya asubuhi sijasema — tunajengewa. Derrick, mwanangu wa pili, kanipigia nikinyoosha kanzu za bosi. Wale vijana wa kujitolea kutoka makanisa ya Kisumu wamefika kijijini kwetu. Kimbunga cha ziwani kilibeba paa thelathini na kitu mwezi wa Machi, langu la kwanza, halafu kuta zikalala. Vijana wanaleta nguzo, mabati na misumari. Wanakijiji wanakanda udongo. Nyumba moja, siku moja.

Derrick na mkewe bado wanalala darasani, shuleni, na mtoto. Mtoto anakohoa. Lakini kwetu kijana hajengi kabla ya nyumba ya mama yake kusimama. Na nyumba ya mama mjane, shimo la nguzo ya kwanza huchimbwa na mtoto wake wa kwanza wa kiume. Mdogo akimtangulia kaka yake ni kama amesema kaka amekufa.

Sasa wa kwanza wangu ni Hezron! Dereva wa tajiri huko Jeddah. Gari jeupe, viti vya ngozi, picha ninayo. Kijiji kizima niambie mama mwingine mwenye mtoto kama huyo.

Jumapili, 11 Mei

Norman, mkubwa wa wale vijana, kanitumia voice. Ana adabu. Anauliza nani ataanzisha nyumba yangu. Nikamjibu Hezron anakuja mwenyewe, kwa ndege. Akasema basi tutawaweka mwisho wa orodha, apate nafasi. Jumamosi tarehe 24. Jioni hiyo hiyo lori lao linavuka mto kwenda vijiji vya pili, na huku hawarudi.

Nikamsimulia Rispah, anayefanya kazi nyumba ya jirani, tukitupa takataka. Kaniuliza, na Hezron amesemaje? Nikamwambia Hezron wangu haulizwi, hutumwa. Akacheka. Eti, Mama Hezron, mdomo wako umeshapanda ndege, mwenye safari hata tikiti hajakata.

Wivu. Wake ni wasichana watupu.

Jumatano, 14 Mei

Hezron hashiki simu. Siku tatu. Ujumbe una tiki moja tu, haujamfikia. Bosi wake humchosha, magari makubwa yana kazi.

Ijumaa, 16 Mei. Jeddah

Madam, mke wa bosi, katuleta kwa mama yake, siku mbili. Nimemwomba saa moja nikamwone mwanangu. Akasema yalla, haya nenda, saa moja. Hezron alikuwa ametuma location asubuhi, bila neno lingine. Nikapanda teksi ya kuchangia mpaka mtaa wa Bani Malik.

Nilimpita. Mama mzazi, nilimpita! Kijana mwembamba nyuma ya magorofa, na ndoo na kitambaa, anaosha gari la mtu. Akaniita mgongoni, Mama.

Alimtoroka kafili wake, yule tajiri aliyemdhamini, Oktoba. Alikuwa analala garini, pasipoti imefungiwa, chakula mara moja kwa siku. Kafili akamripoti kuwa mtoro, ikama, kibali chake cha kukaa, ikafa. Sasa akionekana na askari ni kufungwa kwanza, kurudishwa baadaye, na lini hakuna ajuaye. Gari jeupe la kwenye picha ni la mteja. Aliliosha, akapigwa picha.

Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Akasema, ungesemaje kanisani, Mama?



Nilimweleza habari ya shimo, na ya mtoto wa Derrick kule darasani. Akakamua kile kitambaa mpaka kikakauka. Akasema, mwambie Derrick achimbe.

Nikamwambia nyamaza. Akasema, Mama, kwani mimi hapa niko hai vipi? Mwambie achimbe, mtoto aache kulala kwenye simiti.

Nilikuwa nimembebea nguo za kusafiria, shati jeupe na viatu. Shati limempwaya. Viatu vimemtosha. Mguu wake bado naujua.

Jumapili, 18 Mei. Riyadh

Nimepika, nimepiga deki, nimeunguza mchele. Madam akauliza una nini. Nikasema mafi, hakuna kitu. Kama ningemjibu Norman kwa neno moja tu, nitauliza, tungekuwa tumekubaliana na wazee mapema nani achimbe badala yake. Mdomo huu.

Jumatatu, 19 Mei

Derrick. Kwaya inajifunza wimbo wa kumpokea kaka yake. Chifu atakuja. Derrick mwenyewe ametia jembe mpini mpya kwa ajili ya kaka, hataki mtu aliguse. Nyuma nilimsikia mtoto akikohoa mpaka akatapika.

Nilianza, Derrick, kaka yako — nikakwama. Akasema, kama bosi amembana, niambie tu, Mama. Mimi siwezi kumzika kaka kwa jembe. Nitangoja.

Angoje nini? Lori likishavuka mto?

Nikisema Hezron anasema uchimbe, ataniuliza kwa nini hakusema mwenyewe. Nikimwambia Hezron amwambie, simu imezimwa tena.

Nikasema kaka yako anakusalimu.

Jumanne, 20 Mei

Norman tena. Anauliza ndege ya Hezron inatua Kisumu saa ngapi, watume pikipiki ya kumpokea au gari. Ana mafundi ishirini, na akina mama wameanza kuteka maji ya kukandia udongo. Nimeandika, nikafuta. Nimeandika tena, nikafuta. Mwisho nikaandika, asante mwanangu, Mungu awabariki.

Akajibu papo hapo. Vijana, chifu, kwaya, kijiji kizima, wote watakuwa pale alfajiri, Jumamosi.