Wawili kwa Mmoja

Nachingwea, 12 Juni 1950

Kwako mke wangu Sabaha, huko Nkowe,

Mimi mzima, kazi ya karanga inaendelea. Mtoto ameshaota meno?

Shemeji Yunusi anayekusomea apaze sauti hapa. Timu ya Ruangwa imenitaka mimi, kwa kubadilishana na washambuliaji wake wawili. Mimi senta hafu, kazi yangu kuzuia, sijafunga goli tangu nije. Nahodha wetu akasema, "Magoli tutayatafuta. Swalehe akiondoka, tutafungwa na kila mtu." Kisha akaniachia niamue mwenyewe mbele ya wenzangu. Nikasema nabaki. Wakanibeba juujuu.

Sasa shemeji apunguze sauti. Waliponishusha ndipo nikakumbuka kwamba kutoka Ruangwa ningekuja nyumbani kila Jumamosi.

Mumeo,
Swalehe