Muganga Wetu Ni Bokilo Wangu

Yaya yangu mupenzi Claudine, dada yangu mukubwa,

Jambo sana kwako na kwa watu yote ya nyumba, pale mujini, Makiso. Uko muzima? Ule mugongo umeacha kukusumbua? Sisi huku ngambo ya Yangambi tuko, Mungu anasaidia. Mihogo ilitoka mizuri, na Benie, mutoto wangu, iko na mimba tena. Bwana yangu, Papa Jérémie, anauliza kama ile radio itakuja ao ulikuwa unamudanganya tu.

Bon, habari kubwa: kituo chetu cha afya kimepata muganga, na muganga mwenyewe ni bokilo wangu Léon, bwana ya Benie. Zamani tulikuwa tunavuka muto kwa homa tu. Sasa watu wananiambia, Mama Berthe, uko na bahati, muganga iko ndani ya jamaa. Ee yaya, bahati gani hii!

Desturi yetu unaijua. Bokilo wako wa kiume, ule aliyeoa mutoto wako, hata kwenye sahani moja hamuli pamoja; mukikutana njiani, unaingia kwenye majani. Léon aliona ninakonda, akamutuma Benie aniulize maswali, yeye akabaki nyuma ya ukuta. Nikajibu ni malaria. Akatuma dawa, nikasema zimenisaidia. Nilitaka kwenda hospitali ya Yangambi, lakini kule wanaomba kwanza karatasi ya muganga wa kwenu, na wa kwetu ni yeye.

Yaya, si malaria. Ni titi, la kushoto. Lilianza kama punje ya karanga, nikanyamaza. Sasa limepasuka, linatoa maji na harufu. Ninafunga kitenge juu ya kitenge. Papa Jérémie nimemuambia ni jipu. Ninaogopa kufa, yaya, ninaogopa sana. Lakini kumufungulia Léon kifua? Siwezi. Nimejaribu, nikafika kwenye mulango wa kituo, nikageuka.

Aliyekuletea barua hii ni yeye Léon. Amekuja kuchukua chanjo, anafikiri ninakuomba sabuni na chumvi. Mupe kiti, mupe chai. Halafu umuambie wewe. Wewe pia ni bokilo wake, lakini titi si lako. Umuombe ile karatasi, na usimuache arudi peke yake.

Wabusu watoto. Mimi nitakuwa pale mitumbwi inapofikia, niangalie kama muko wawili.

Mudogo wako,
Berthe