Gundi ya Siafu

Jumatatu, 12 Mei

Hadubini tatu, watoto thelathini na wanne. Wawili wametwangana wakigombea zamu, mmoja katoka na jino mkononi. Nikawavuta kola, nikawafokea — kwa Kihispania, maana masomo yote hapa ni kwa Kihispania na darasani kwangu Kiswahili kinaachwa mlangoni pamoja na mabegi. Hata hasira! Mwalimu mkuu anaipenda sheria hiyo. Mimi naipenda kumshinda.

Kisha somo: kubandika kitu kwenye kioo kwa tone la gundi. Pegar. Kubandika. Wameliimba neno hilo mpaka madirisha yakatetemeka. Kesho kila mmoja alete kitu cha kutazama.

Jumanne, 13 Mei

Mabawa ya nzi kumi na tisa. Nzi wa mji huu wamekoma.

Siafu kaja mikono mitupu. Wenzake walimpa jina hilo kwa udogo wake, na kwa kuwa akishika kitu haachii. Nikamuuliza kulikoni. Akasimama, akasema taratibu: "Mi papá me pega."

Baba ananibandikia! Nikafurahi, angalau mzazi mmoja anasaidia kazi ya nyumbani. Ila katikati kaacha kijineno, "lo", yaani "hicho kitu". Nikamsahihisha. Nikaliambia darasa zima lirudie naye, mara tatu. Wote walipiga kelele isipokuwa yeye.

Alhamisi, 15 Mei

Jana Siafu hakuja. Leo kaleta kioo chake, kakifunga kwenye karatasi ya daftari. Doa la hudhurungi, limekauka. Nikaliweka chini ya hadubini, nikazungusha mpaka likaonekana vizuri. Pembeni, penye utando mwembamba — visahani vidogo, vingi, vimelaliana. Damu. Nikamuuliza ya nani. Akashika sikio. Nyuma ya sikio hilo ngozi imechanika, uvimbe umeshuka hadi shingoni.

Ndipo lilipoingia kichwani. Pegar. Kubandika — na kupiga! Neno lile lile. Nimelijua tangu chuoni. Mtoto kalitafuta kwenye kamusi ya darasa, kaniletea kwa lugha niliyomlazimisha, na mimi nikamtilia "lo".

Kisha nikampigia baba yake simu, nikamtukana matusi ambayo sikujua ninayo. Mwalimu mkuu kasema nimeharibu: ustawi wa jamii ndio wangeanza, sasa mtu huyo kashtuka. Kweli nimeharibu. Ila laiti ningelifikia koo lake! Tumempeleka mtoto alale kwa mama yake mdogo.

Ijumaa, 16 Mei

Saa tatu na nusu asubuhi. Baba mtu kaja na nyundo. Mlinzi alimzuia getini, kapigwa ya taya, yuko chini na damu puani. Mwalimu mkuu kawatoa watoto kupitia dirishani. Siafu hakukubali kuniachia mkono, nikakimbia naye kwenye stoo ya vifaa, nikatia komeo.

Darasani anavunja. Hadubini mbili tayari, nasikia vioo vikisagika chini ya viatu vyake. Ya tatu iko mapajani mwangu. Kitako chake ni chuma. Sijawahi kumpiga mtu maishani mwangu, lakini huyu akiingia nampasua, naapa. Polisi wako njiani, kasema mwalimu mkuu kwenye simu. Naandika ili nisifungue komeo nikamfuata.

Siafu yuko chini ya meza, kalikumbatia goti langu. Nimemwambia kwa Kiswahili — mara ya kwanza tangu anijue — aseme chochote, kwa lugha yoyote, nasikiliza.

"Nilishakwambia, mwalimu," kasema. "Ukanisahihisha."

Nyundo imefika mlangoni. Katikati ya mapigo anamwita mwanawe kwa sauti ya upole, hiyo ndiyo inayonitia hofu zaidi. Skrubu moja ya komeo imedondoka. Zimebaki tatu.

Siafu kaiokota, kaigeuzageuza, kaniuliza gundi iko wapi.