Lenzi Aliyoingoja Mama

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Hujambo huko ughaibuni? Wifi na watoto wazima? Kifua chako je, baridi imekiacha? Sisi tunapumua, tunashukuru Mungu, ila moyo wangu ni mzito.

Mama anaendelea na utani wake juu ya macho yake yanayofifia. Juzi alilikaribisha koti langu lililotundikwa mlangoni, akaliambia likae, chai inakuja. Tulicheka wote, kisha nikaenda jikoni nikalia.

Unakumbuka lenzi ya kawaida aliyowekewa walipomtoa mtoto wa jicho ilivyomvimbisha jicho la kwanza hadi likaharibika. Hili lililobaki daktari alisema lisubiri lenzi ya plastiki mpya, laini zaidi. Basi plastiki hiyo ililetwa kupimwa kwetu maabara, mezani kwangu. Nilifurahi, kaka, nikajua Mungu ametukumbuka.

Kazi yenyewe ni hivi: tunailoweka kwenye maji ya chumvi yenye joto la mwili, kisha maji yale tunayamimina juu ya seli hai kwenye kisahani. Zikifa, plastiki haiingii jichoni mwa mtu. Tunachungulia kwenye hadubini watu watatu, mmoja mmoja, na ni mwiko kuguna au kukunja uso, usije ukamshawishi mwenzako.

Nilitangulia mimi. Seli zilikuwa zimenywea, zimekufa. Nikainuka na uso mkavu, nikawapisha wenzangu, huku naomba kimoyomoyo waone kingine. Wote tulisema zimekufa. Tukarudia upya, yakawa yaleyale. Mkuu wetu anajua habari za Mama. Alinishika bega tu, akaenda zake.

Nilimwambia Mama mwenyewe. Akauliza, "Kuna mtu ameshawekewa?" Nikamwambia bado. "Afadhali," akasema. Kisha akageukia ukutani. Inaniuma, kaka.

Watengenezaji wataanza upya, na hiyo ni kazi ya miaka. Daktari anasema jicho la Mama halina miaka.

Baba mdogo na shangazi wanakusalimu sana. Nisalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawapenda.

Picha zao usitume tena. Mama huzishika tu, anapapasa karatasi, anasema wamekua. Uso wa mtu akiwa karibu bado anauona. Walete, kaka, mapema. Mungu awatangulie njiani.

Wako akupendaye,
Kitinda mimba wenu